Jinsi ya Kujua Umri wa Fuawe Uliyorithi

Fuawe ya urithi, yaani lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake, ina tarehe tatu, na watu wengi huzichanganya. Kuna mwaka ilipotengenezwa. Kuna mwaka ilipofika nchi hii. Halafu kuna mwaka ilipoingia kwenu nyumbani. Tarehe hizo zinaweza kupishana kwa miaka hamsini, na kila moja ina ushahidi wake. Mtu akikuambia tu kwamba "hiyo ni ya wakati wa mkoloni," hajakuambia kitu, kwa sababu mkoloni alikaa hapa muda mrefu.

Mimi ni mhunzi wa Kisumu, upande wa Kibuye. Nafua patasi, makoleo, majembe ya palizi na nondo za mageti. Fuawe ninayofulia ni ya babu yangu mzaa baba, mtu wa Samia aliyekuwa mpiga nyundo katika karakana ya reli hapa mjini. Kwa kuwa kibanda changu kiko kando ya njia, watu hupita wakaitazama, kisha wakaniambia kwao kuna nyingine inalala nyuma ya ghala, kuku wanailalia. Wanataka kujua umri wake kabla ndugu hawajaiuza kwa kilo. Haya ndiyo ninayowaelekeza.

Jambo la kwanza ni la kutofanya. Usiipeleke kwenye grenda. Vijana wakiona kutu wanataka kung'arisha, na grenda ikipita ubavuni dakika mbili tu, maandishi ya zaidi ya miaka mia moja yamekwisha na hayarudi. Uso wa juu nao usiuguse hata kama una mabonde. Katika fuawe nyingi za zamani uso huo ni bamba la feleji, chuma kigumu, lenye unene wa karibu nusu inchi, lililounganishwa kwa moto na nyundo juu ya mwili wa chuma laini. Ukilisaga ili uso unyooke, unaondoa ugumu wenyewe. Tindikali ya betri pia iache kwenye betri. Inakula kutu na inakula maandishi vilevile.

Chukua mafuta ya taa, paka pande zote, iache ilale usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya ya mkono, ile ya kusugulia sufuria zilizoungua au ya mafundi wa rangi. Sugua mbavu mbili, miguu, sehemu ya mbele chini ya pembe (ile ncha iliyochongoka), na kiuno, pale katikati palipobana. Kisha ikaushe kwa kitambaa. Ukiweza kupata watu wa kukusaidia kuilaza, tazama na chini ya kitako chake, kwa maana huko nako kuna habari.

Sasa subiri giza. Mchana jua linapiga kutoka juu na herufi zilizolika hazionekani. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, uilaze karibu na ubavu wa fuawe ili mwanga upite juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Kila shimo dogo litatoa kivuli. Izungushe tochi taratibu: kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka chini. Nimeona herufi zikijitokeza mahali ambapo mwenye fuawe aliapa hapana kitu. Paka chaki nyeupe kisha ufute juu juu kwa kiganja, chaki itabaki ndani ya herufi. Au weka karatasi ya daftari na uisugue kwa mkaa mwembamba. Piga picha kila hatua, kwa sababu chaki ya leo itaonyesha herufi moja na mwanga wa kesho utaonyesha nyingine.

Kabla ya kusoma neno lolote, gusa herufi zenyewe kwa kidole. Zimezama ndani ya chuma au zimeinuka juu yake? Zilizozama zilipigwa kwa muhuri chuma kikiwa cha moto, na hiyo kwa kawaida ni fuawe iliyofuliwa. Zilizoinuka zilitoka ndani ya kalibu, maana yake fuawe ilimiminwa. Hilo peke yake halikupi mwaka, lakini linakuambia utafute katika kundi gani la watengenezaji.

Kisha njoo kwenye namba. Hapa ndipo watu wanapopotea. Fuawe nyingi za Kiingereza zina namba tatu ubavuni, zimetenganishwa kwa nukta au kwa nafasi. Ya kwangu inasomeka 1·3·20. Jirani yangu mmoja mwenye kusoma sana aliitazama akasema imetengenezwa tarehe mosi mwezi wa tatu mwaka 1920. Sivyo. Huo ni uzito. Namba ya kwanza inahesabu mafungu ya ratili 112. Ya pili inahesabu robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja, na kwa hiyo haiwezi kupita 3. Ya tatu ni ratili zilizobaki, na haiwezi kupita 27. Basi yangu ni 112, kuongeza 84, kuongeza 20: ratili 216, karibu kilo 98. Niliipeleka kwa mkokoteni hadi kwa muuza nafaka, tukaipandisha kwenye mizani ya magunia, ikaonyesha kilo 97. Kingo zimelika kidogo na pembe imepoteza ncha. Hesabu ikikubaliana na mizani namna hiyo, umejua kwamba unasoma namba sawasawa na kwamba fuawe yako pengine ni ya Uingereza.

Ukikuta namba moja tu, kama 125 au 150, na mizani ikakupa uzito huohuo ukigeuza kilo kuwa ratili, pengine ni ya Marekani. Ikiwa namba inalingana na kilo moja kwa moja, tafuta kwingineko Ulaya, au kwenye fuawe za siku za karibuni.

Majina. Yale ambayo mhunzi wa huku anaweza kuyakuta si mengi, kwa hiyo nitayaeleza machache ninayoyaamini.

PETER WRIGHT wa Dudley, Uingereza, ndiye aliyeandikwa kwenye yangu. Ukiona jina lake na neno PATENT, tafuta chini yake duara lenye maneno SOLID WROUGHT. Za mwanzo hazina duara hilo. Tafuta pia neno ENGLAND. Neno hilo ni dogo lakini ni ushahidi mzuri kuliko yote: mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na watengenezaji wa Kiingereza waliokuwa wakiuza huko wakaanza kulipiga neno hilo kwenye mali yao. Fuawe yenye ENGLAND basi kwa kawaida ni ya kuanzia miaka hiyo kuja huku. Isiyo nalo inaweza kuwa ya kabla, ingawa muhuri uliolika unaweza kukudanganya, hivyo sugua na utazame tena. Alama nyingine ya Peter Wright isiyolika upesi iko miguuni: juu ya miguu, mbele na nyuma, kuna kidato kidogo bapa. Hata jina likiwa limefutika, kidato hicho husaidia kuitambua.

MOUSE HOLE ni ya Sheffield. Za baadaye zina picha ya panya mwenyewe, zile za kale zina maneno tu. William Foster naye alikuwa na tabia ninayoipenda mno, ya kupiga mwaka kwenye chuma: ukikuta jina lake na tarakimu nne za karne ya kumi na tisa, hapo ni mwaka kweli, wala si uzito. ALLDAYS & ONIONS wa Birmingham waliuza vifaa vya karakana, na jina hilo la pamoja lilianza 1889 kampuni mbili zilipoungana. Kwa hiyo fuawe yenye majina yote mawili haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Hiyo ndiyo namna ya kufikiri: kila alama iulize, "Usingeweza kuwepo kabla ya lini?"

Za Sweden zina habari yake. SÖDERFORS na KOHLSWA ni za feleji tupu iliyomiminwa, hazina bamba la kuungwa. Ukizigonga kwa nyundo zinalia kwa sauti kali inayoumiza masikio. Nyingi za Söderfors zina mwaka ulioandikwa wazi. Mteja wangu mmoja wa Nakuru alinitumia picha za moja iliyoachwa na marehemu baba yake, fundi wa magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe upande wa Njoro. Familia ilikuwa inabishana kama ina miaka sitini au mia. Nilimwomba asugue chini ya pembe na kwenye mbavu zote mbili, na tarakimu 1924 zikatokea. Ubishi wa mwaka wa kutengenezwa ulikwisha hapohapo, ukabaki wa lini baba aliipata.

Za Marekani, kama HAY-BUDDEN ya Brooklyn, zina namba ya mfululizo kwenye mguu wa mbele, chini ya pembe, na namba kubwa ni ya karibuni zaidi. FISHER ina picha ya tai, mwili wake ni chuma cha kumimina chenye uso wa feleji, na haina mlio. Ukiigonga inanyamaza. Mtu asikudanganye kwamba ni mbovu kwa sababu hailii.

Je, kama hakuna herufi hata moja? Basi soma umbo. Tazama kwenye kisigino, upande ulio kinyume na pembe. Fuawe ya kawaida ina tundu la mraba la kusimamishia vifaa, na karibu nalo tundu dogo la duara la kutobolea. Tundu la duara halikuwa la kawaida kabla ya miaka ya 1820 au 1830. Fuawe nene, yenye pembe fupi, isiyo na tundu la duara, inaweza kuwa ya kale sana. Huku kwetu sitarajii utaikuta, lakini watu walihama na mali za babu zao, kwa hiyo angalia. Kagua pia kiuno na chini ya kitako kama kuna vishimo vya mraba visivyopenya. Waliofua fuawe walichomeka vyuma virefu humo ili kuigeuza motoni. Vishimo hivyo vinasema ilifuliwa kwa nyundo. Mahali kutu imekula zaidi, chuma cha kale cha kufuliwa kinaonyesha mistari mirefu kama nyuzi za mti uliopasuliwa. Chuma cha kumimina hakina nyuzi, kina punje. Na ukiona mstari mwembamba ulioinuka unaoshuka katikati ya mwili kutoka kwenye pembe hadi mguuni, hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilikutana. Siku hizi fuawe za namna hiyo zinauzwa mpya, zimepakwa rangi ya buluu au nyekundu. Rangi ikichunika na kutu ikashika, miaka mitano mvuani inatosha kuzifanya zionekane za kale.

Kutokuwa na pembe si dalili ya ukale. Mafundi wengi waliojenga reli walitoka Punjab, na uhunzi wa kwao unajua fuawe ndogo ya mraba isiyo na pembe, ya kuchomekwa ardhini au kwenye kigogo. Ukirithi ya namna hiyo, uliza kama babu alifanya kazi kwa Kalasinga.

Uchakavu nao si saa. Uso wenye bonde katikati unaweza kutokana na karakana yenye wapiga nyundo watatu kwa miaka kumi, na fuawe ya shambani inaweza kukaa miaka themanini ikinyoosha misumari tu. Kwa ubora wa chuma, chukua goroli kubwa ya beringi ya lori, iachie kutoka sentimita 25 juu ya uso. Uso mzuri wa feleji utairudisha sentimita 18 hadi 22. Chuma cha kumimina kisicho na uso mgumu hakiirudishi hata nusu. Kama fuawe yenye jina zuri inarudisha goroli kivivu uso mzima, uliza kama iliwahi kuungua nyumba ikiwaka. Moto mkubwa unaondoa ugumu. Hayo ni ya kujua thamani yake kazini, umri hayakupi.

Sasa tarehe ya pili, ya kufika, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inatuhusu sisi. Kabla ya reli, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Vitu vizito vilifika, ndiyo: meli William Mackinnon ililetwa ziwani vipande vipande. Lakini fuawe haifunguki vipande. Ya kilo 98 kuipandisha kutoka pwani kwa miguu ni kazi ambayo mtu angeifanya kwa sababu kubwa tu. Reli ilianza Mombasa 1896, ikagusa ziwa hapa Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Kwa hiyo fuawe nzito iliyo Kisumu nianze kuihesabu kuanzia 1901, isipokuwa kuna ushahidi wa kunipinga. Ukiwa Eldoret, kumbuka Makaburu waliopanda kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, nao hawakusafiri bila vyuma vya kutengenezea magurudumu. Reli ya huko ilifika 1924. Butere ilifika 1930. Kaimosi kulikuwa na Wamarekani wa kanisa la Friends (Quaker) tangu 1902, na misheni yao ilikuwa ya kufundisha kazi za mikono, kwa hiyo fuawe ya Marekani upande wa Vihiga isikushangaze. Kakamega dhahabu ilivuta watu kuanzia 1931, na mgodi unahitaji mhunzi kila siku wa kunoa vyuma vya kutobolea mwamba. Migodi ilipofungwa, vifaa vilitawanyika vijijini.

Herufi za mwenye mali ndizo zinazokaza hesabu. Reli ilibadilisha jina mara kadhaa, na kila jina lina mipaka. UR ni Uganda Railway, hadi 1926. KUR ni ya Kenya na Uganda, kuanzia 1926. EAR&H ni ya Afrika Mashariki pamoja na bandari, kuanzia 1948. EAR bila bandari ni 1969. KR ni Kenya Railways, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, 1977. Herufi hizi kwa kawaida hupigwa kwa mihuri ya mkono, hazinyooki, ziko mguuni au kwenye kisigino. Zinakuambia fuawe ilikuwa mali ya nani na wakati gani. Hazikuambii iliundwa lini. Fuawe ya 1895 inaweza kupigwa EAR&H mwaka 1950 na isione haya.

Alama ya mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana juu ni ya serikali ya Uingereza, hasa jeshi. Mara nyingi mwaka uko jirani yake. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, ni wa Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni wa Afrika Kusini. Nimeona fuawe moja kutoka upande wa Mumias yenye mshale na 1942, na mzee aliyeiacha alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakati wa mkoloni. Hapo tarehe mbili zimekaribiana sana, na huo ni usomaji mwepesi.

Wengine hamkurithi fuawe ya duka. Mlirithi kipande cha reli kilichosimamishwa kwenye kigogo. Msikidharau, kwa sababu hicho husomeka kuliko fuawe. Kiwandani reli ilipokuwa inapitishwa kwenye mashine ikiwa ya moto, ilichapwa herufi zilizoinuka kwenye kiuno chake, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Sugua hapo utapata jina la kiwanda, mara nyingi uzito wa reli kwa kila yadi, na mwaka. Uzito huo ni muhimu: njia ya kwanza ya Uganda Railway ilitandikwa reli za ratili 50 kwa yadi, na zile nzito za ratili 80 zilikuja baadaye. Kipande kikiwa kimekatwa vibaya herufi zinaweza kukatika katikati, unaona 18 na mwanzo wa 9, basi. Andika ulichokiona, usijaze usichokiona. Na mwaka huo ni wa reli. Ilikaa njiani miongo mingi kabla ya kung'olewa, na siku babu alipokipata kipande ni tarehe nyingine kabisa.

Wachache wenu mna jiwe. Kwetu Samia chuma kilichimbwa na kufuliwa tangu kale, majembe ya Samia yalikwenda mbali na yalitolewa mahari, na mhunzi wa zamani alifulia juu ya jiwe gumu. Jiwe lenye uso laini kwa kugongwa, lililotunzwa kwenye boma la ukoo wa wahunzi, halina muhuri. Umri wake uko vinywani mwa wazee. Pande za Siaya waakiolojia wamekuta vyungu vya Urewe, vya watu walioyeyusha chuma karibu miaka elfu mbili iliyopita, kwa hiyo usimcheke mzee akikuambia jiwe hilo halina mwanzo.

Tarehe ya tatu inatoka kwa wazee, na hapa namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Ukimuuliza nyanya, "Fuawe ilikuja mwaka gani?" atakujibu, "Zamani." Muulize kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Mimi nilimuuliza nyanya yangu hivi:

"Nyanya, fuawe ilipoletwa, ulikuwa umeshaolewa hapa?"

"Nilikuwa nimeolewa. Ilikuja kwa gari la ng'ombe kutoka stesheni, na babu yako akitembea nyuma yake."

"Mgongoni ulikuwa na mtoto gani?"

"Baba yako mdogo. Alikuwa hajatembea. Alilia kwa sababu ya kelele za watu."

Baba mdogo ana kadi ya ubatizo, imeandikwa 1951. Mtoto ambaye hajatembea: basi ni 1951 au 1952. Hakuna muhuri ungenipa hesabu ya karibu hivyo. Kama nyumba yenu haina kadi za ubatizo, tumia mambo makubwa: kabla au baada ya vita vya Hitler, kabla au baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1961, kabla au baada ya Uhuru. Uliza wazee wawili kila mmoja peke yake, halafu linganisha. Uliza pia kigogo kilitoka mti gani na kimebadilishwa mara ngapi, maana kigogo huoza na fuawe hubaki. Mtu anayekumbuka siku ya kubadilisha kigogo hukumbuka na mengine.

Nikiunganisha ya kwangu inakuwa hivi. Ina ENGLAND na duara, basi imetengenezwa baada ya 1890 hivi. Kisigino kina KUR, basi ilikuwa karakanani wakati fulani baada ya 1926, na kwa kuwa mihuri ya EAR&H haipo, naamini walikuwa wameshaisahau kwenye daftari zao ilipofika 1948. Nyumbani iliingia 1951 au 1952, reli ilipouza vifaa chakavu, na stakabadhi ya babu ipo kwenye sanduku la nyanya pamoja na vitambulisho. Kwa hiyo nikiulizwa nasema: ya Dudley, ya kuanzia 1890 hivi, ya reli kabla ya 1948, yetu tangu 1951 au 1952. Sisemi "1905" ili kupendeza watu. Kipindi chenye ushahidi ni bora kuliko mwaka wa kubuni, hasa mnunuzi akija, kwa sababu atauliza umejuaje.

Hiyo stakabadhi nayo itunze. Fuawe au kipande chenye herufi za reli kinaweza kukuletea maswali barabarani, na tangu sheria ya mwaka 2015 biashara ya vyuma chakavu inataka leseni. Kama hakuna karatasi, pata barua ya chifu yenye maelezo ya wazee wawili kabla hujaipakia kwenye lori kwenda mji mwingine.

Yote uliyoyapata yaandike kwenye daftari moja: picha, namba kama zilivyo pamoja na nukta zake, uzito wa mizani, mahali kila muhuri ulipo, na maneno ya wazee kwa majina yao na tarehe uliyowauliza. Nakala mpelekee ndugu anayekaa mbali. Kisha paka fuawe mafuta ya injini kwa kitambaa, uiweke juu ya kigogo pasipo mvua. Wala usipige juu yake muhuri mpya wa jina la familia, hata mtu akikuomba. Jina la familia lichongwe kwenye kigogo.